Mkono Huu Haujastaafu

Siku mama yangu aliporudi gereji baada ya upasuaji wa saratani ya titi, kemo na mionzi, alikuta kaka yake ameshamwekea kiti. Kilikuwa kiti cheupe cha plastiki, kimewekwa kivulini mlangoni mwa duka letu la spea, na juu yake kulikuwa na mto wa kochi uliotoka sebuleni kwa Mjomba. Spana zake, soketi zake na jeki yake ndogo vilikuwa vimehamishiwa kwenye kabati la Mjomba, na kabati hilo lina kufuli.

Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nikipanga plagi. Nilimwona mama akikizunguka kile kiti taratibu, kama anavyolizunguka gari lililogongwa kabla hajamwambia mwenyewe hasara aliyoipata.

"Hiki nini?" aliuliza.

"Kiti," Mjomba alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye injini.

"Kuwa ni kiti nakiona. Cha nani?"

"Chako, mdogo wangu. Utakaa hapo, utapokea wateja, utawachangamsha kidogo. Kazi za nguvu tuachie sisi."

"Na huu mto? Kwani nimejifungua?"

Mafundi walicheka, kisha wakakumbuka kwamba aliyetoa mzaha ni mgonjwa, wakanyamaza kwa pamoja. Kule kunyamaza ndiko kulikomuudhi mama kuliko kiti chenyewe. Aliuchukua mto, akamrudishia Mjomba kifuani, akabaki amesimama mpaka tukafunga.

Gereji ile waliachiwa na baba yao, wote wawili sawasawa. Mjomba alishika injini, mama akashika giaboksi. Wateja walimwita Bi Nati. Wengi walidhani ni kwa sababu ya kazi, lakini jina hilo alipewa na babu tangu akiwa msichana: mfupi, wa duara, na akishakazwa mahali hang'oki.

Lazima niseme pia kwamba Mjomba si mtu mbaya. Bibi yangu, mama yao, aliugua saratani hiyohiyo ya titi, na baada ya kuondolewa titi mkono wake ulivimba mpaka mikono ya magauni ikawa inachanwa kwa mkasi ili apate kuvaa. Mjomba, kijana wakati ule, ndiye aliyekuwa akiupangia ule mkono juu ya mito kama mtoto mchanga. Kwa hiyo daktari wa upasuaji aliposema mbele yake kwamba mama ametolewa tezi za kwapani, na kwamba mkono wa upande ule usibebe kitu kizito tena maisha yake yote, mwisho wake mkoba, Mjomba aliyapokea maneno yale kama kiapo.

"Mkoba!" mama alisema njiani tukirudi nyumbani. "Tangu lini mimi nikawa na mkoba?"

Kwenye kliniki ya marudio ndipo tulipokutana na daktari wa utafiti. Alikuwa binti mrefu, mwenye sauti ya chini na viatu vya raba, na alikuwa na tabia moja iliyomshangaza mama: alivuta kiti akakaa kabla ya kuanza kuzungumza.

"Kwa miaka mingi tumewaambia wanawake wenye upasuaji kama wako wasinyanyue kitu," alisema. "Tuliwaambia hivyo kwa kuogopa, siyo kwa kujua. Sasa tunataka kujua."

Alieleza mpango wao. Wanawake wangegawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lingefundishwa kunyanyua vyuma, kidogo kidogo, chini ya mtaalamu wa mazoezi. Kundi la pili lingeendelea na ushauri wa kawaida, ule wa mkoba. Mwaka mzima wote wangepimwa mikono kwa utepe, ili ionekane ni kundi lipi uvimbe unazidi.

"Niweke kwenye vyuma," mama alisema.

"Siwezi, mama. Kompyuta ndiyo itakayopiga kura. Mimi sichagui, wala wewe huchagui."

"Kwa nini? Mkono si wangu?"

"Wako. Lakini tukiwaachia watu wachague, wenye nguvu kama wewe wote watakimbilia vyuma, na wanyonge watabaki upande wa pili. Mwisho wa mwaka tutasema vyuma vimesaidia, kumbe walikuwa na nguvu tangu mwanzo."

Mama aliichambua ile hoja, akaona haina tundu. Daktari akaendelea kumsomea haki zake: anaweza kutoka wakati wowote bila kutoa sababu, matibabu yake hayataguswa, na ndiyo, upo uwezekano kwamba mkono utavimba, awe kundi lolote. Mama aliuliza maswali mpaka mgonjwa aliyekuwa nje akagonga mlango. Kisha akasaini.

Mjomba alipopata habari alikuja nyumbani na oveloli yake ya kazi, hakuoga wala kula.

"Wamekupata," alisema. "Umekuwa panya wa majaribio."

"Panya haulizwi, kaka. Mimi nimeulizwa, nikajibu. Tangu niugue, yule binti ndiye mtu wa kwanza kuniuliza jambo. Wengine wote mnanipa amri. Wewe umenipa mto."

"Umesahau mkono wa mama?"

"Sijausahau hata siku moja. Ndiyo maana nimesaini."

Kura ikaja kwa simu, mchana, tukiwa dukani. Mama alisikiliza, akashukuru kwa adabu, akaiweka simu kaunta kama kitu kilichooza. Alikuwa amepangwa kundi la ushauri wa kawaida.

"Hata kompyuta," alisema, "hata kompyuta nayo inanipa kiti!"

Kesho yake asubuhi tulikuwa kliniki. Mama hakukaa.

"Nimekuja kukwambia ukweli," alimwambia daktari. "Mimi nitanyanyua. Nitaingia uvunguni mwa gari nifanye kazi yangu. Kwani nani ataniona?"

"Hakuna atakayekuona," daktari alisema. "Lakini mwisho wa mwaka nitaandika kwamba mkono wako ni wa mtu ambaye hakunyanyua. Nitakuwa nimeandika uongo bila kujua, na uongo huo atapewa mwanamke mwingine kama ushauri. Kama huwezi, toka, mama. Ni haki yako, wala sitakununia. Ila usikae ndani huku unanidanganya."

Mama alimtazama kwa muda. Mimi nilijua ile sura; ndiyo anayomtolea mteja anayedai gari lake halijawahi kuguswa na fundi mwingine. Lakini safari hii aliyeshusha macho alikuwa yeye.

"Binti, una roho ngumu."

"Nimeambukizwa na wagonjwa wangu."

"Haya. Huo ushauri wenu wa kawaida unaruhusu nini? Nipe mpaka wake, niujaze mpaka ukingoni."

"Kazi nyepesi za kila siku zote."

"Waya?"

"Waya gani?"

"Za umeme wa magari. Taa, honi, swichi. Waya haina uzito."

Daktari akatabasamu. "Waya ruksa. Vaa glavu, usijichome wala kujikata mkono huo."

Tukarudi gereji. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la Mjomba, akagonga kufuli kwa kidole.

"Fungua."

"Daktari amesema nini?"

"Amesema niko kundi lako, la woga. Nitanyanyua vitu vyepesi tu mpaka utafiti uishe, nimempa neno langu. Kwa hiyo spana kubwa zibakie humo, sizitaki. Nipe koleo, bisibisi na taa ya kupimia umeme."

"Bi Nati, si ukae tu upumzike..."

"Kaka, mkono huu haujastaafu. Umehamishwa kitengo."

Mjomba alifungua. Fundi umeme wetu, aliyekuwa karibu kuhama, alimfundisha mama kazi ile kabla ya kuondoka, na mama aliisoma kama mtoto wa shule, kwa kugombana na kila somo. Alichoma fyuzi nyingi. Siku moja aliunganisha honi na breki za gari la mteja, na mteja yule aliondoka akipiga kelele mji mzima kila alipokanyaga breki. Alirudi akicheka, mama hakucheka, akairekebisha. Kiti cheupe akapewa mlinzi.

Siku za vipimo tulikwenda pamoja. Kundi la mama lilipimwa kwenye korido nyembamba yenye benchi moja refu, karibu na chumba ambamo wale wa vyuma walikuwa wakifanya mazoezi. Tuliwasikia wakicheka na kuhesabu kwa sauti. Sisi tulisikiliza ukuta.

Aliyekaa karibu na mama siku zote alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba, nadhifu, tuliyemwita Mwalimu tu. Yeye alifuata ushauri wa madaktari kama amri ya Mungu. Birika alinyanyuliwa na mjukuu. Mlango alifunguliwa. Mkono aliulea kama yai. Na siku moja, utepe ulipozungushwa juu ya kiwiko chake, muuguzi alirudia kupima, akarudia tena, kisha akaenda kumwita daktari. Mkono wa Mwalimu ulikuwa umeanza kuvimba.

"Lakini mimi sijanyanyua kitu!" Mwalimu alisema, na sauti yake ikapasuka. "Hata birika! Niulizeni, hata birika!"

Korido ikalipuka. Mmoja alisema wale wa chumba cha pili wanatunzwa na sisi tumetelekezwa. Mwingine alisema tunapimwapimwa kama vitambaa dukani. Wa tatu alishachukua kanga yake na kusimama: yeye harudi tena, na mwenye akili amfuate. Daktari wa utafiti alitoka, akajaribu kueleza, lakini ile sauti yake ya chini ilimezwa.

Mama akapanda juu ya benchi. Kwa ufupi wake, hakuwa na njia nyingine.

"Anayetaka kutoka atoke," alisema kwa sauti anayoitumia kushindana na injini ya lori. "Ni haki yake, na mtu asimseme. Lakini mimi sitoki! Mama yangu alikufa na mkono kama gogo, na hakuna aliyejua kwa nini. Mimi nimekatazwa kazi yangu, na hakuna anayejua kwa nini. Huyu binti yangu mnayemwona hapa, mnataka na yeye akiugua aambiwe 'mwisho mkoba,' na hakuna anayejua kwa nini? Wenzetu wale wakipimwa peke yao, watalinganishwa na nani? Na ukuta? Sisi ndio mizani. Bila sisi hakuna jibu, kuna uvumi tu, na uvumi tunao wa kutosha."

Wanawake wakatulia. Daktari akashusha pumzi. Mama akamgeukia.

"Na wewe usifurahi, sijamaliza. Tunakaa hapa asubuhi nzima kwa kipimo cha mara moja. Hatuambiwi kitu. Na utafiti ukiisha, vyuma vikionekana salama, sisi tunapata nini? Asante na kwaheri? Tunataka kufundishwa na sisi. Sisi tulishawasainia. Sasa sainini ninyi."

"Kweli kabisa!" akaitikia yule aliyekuwa ameshika kanga, akakaa.

Nilimtazama daktari. Uso ulimwiva. Angeweza kusema hapa si sokoni. Badala yake alisema, "Mko sawa. Ilipaswa tulifikirie hilo tangu mwanzo. Siwezi kuahidi peke yangu, ipo kamati ya maadili inayotusimamia. Lakini nitalipeleka kama mlivyolisema."

Alilipeleka, na likakubaliwa. Tukapangiwa zamu ili mtu asisubiri, na kila aliyepimwa akaelezwa vipimo vyake. Mwanamke mmoja aliondoka hata hivyo. Mama alimsindikiza mpaka nje ya geti, akamtakia heri, na hakumjadili na mtu. Mwalimu alibaki. Alifungwa bendeji na kufundishwa namna ya kuukanda mkono ili maji yapungue, na yakapungua.

"Si umeona?" mama alimnong'oneza daktari siku moja. "Mwalimu hakunyanyua, na mkono umevimba. Jibu si hilo?"

"Mtu mmoja siyo jibu, mama. Hata wewe ukinyanyua lori usivimbe, siyo jibu."

"Una roho ngumu, nilishakwambia."

Wenzake waliokaa mbali walikuwa wakishindwa kufika kwenye vipimo, basi mama akaanza kuwafuata kwa gari dogo la gereji, lile la kubebea spea. Mjomba alilalamika wiki nzima kuhusu mafuta na matope. Kisha nikamkuta chini ya lile gari akibadilisha shokapu, hakuna aliyemwambia. "Wagonjwa hawarushwi rushwi," alisema, kana kwamba nimemshitaki.

Utafiti ulipoisha na hesabu zikapigwa, daktari alisema washiriki ndio watakaosikia kwanza, kabla ya wakubwa wowote. Tulikusanyika ukumbi wa hospitali, makundi yote mawili, na kwa mara ya kwanza mama aliwaona wale waliokuwa wakicheka nyuma ya ukuta. Walikuwa wanawake kama sisi. Mjomba alikuja pia, akasema amepita tu, akakaa mstari wa mbele.

"Walionyanyua vyuma hawakuvimba zaidi ya wale ambao hawakunyanyua," daktari alisema. Aliacha maneno yakae. "Kati yao, wale waliokuwa na uvimbe tangu zamani, uliwachachamalia mara chache kuliko wenzao wasionyanyua. Na wamepata nguvu. Lakini sikilizeni vizuri: walianza na uzito mdogo, wakapanda polepole, wakisimamiwa. Sijasema mtu aende leo akabebe gunia."

Wapo waliopiga makofi, wapo waliolia. Mwalimu alikaa tu, ameushika ule mkono wake, akitikisa kichwa. Mjomba aliinua kidole kama mwanafunzi.

"Daktari. Mama yetu... mkono wake ulivimba sana. Mimi ndiye niliyekuwa namkataza hata kukunja nguo. Ina maana...?"

Hakumaliza. Mama, aliyekuwa nyuma yake, alimwekea mkono begani.

"Sijui, mzee," daktari alisema. "Siwezi kusema angepona au asingepona uvimbe. Wakati ule hakuna aliyejua. Mlifanya mlichoambiwa."

"Uliniwekea mto kwa sababu ulimpenda mama," mama alimwambia. "Sasa inatosha."

Mafunzo yetu yakaanza mwezi uliofuata. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole, mwenye shingo nene, tulimwita Polepole, maana ndilo neno aliloanzia na kumalizia. Siku ya kwanza alimpa mama kichuma kidogo cha rangi ya waridi.

"Hiki kijiko cha nani?" mama aliuliza.

"Polepole, mama."

"Kijana, mimi nimebeba giaboksi za malori."

"Zamani. Ukiruka hatua, tunarudi mwanzo."

Aliruka hatua, nyumbani, kwa kunyanyua ndoo ya maji. Mkono ukamuuma, akaungama, wakarudi mwanzo. Hakuruka tena. Ilikuwa taabu kumtazama mtu mbishi kiasi kile akijifunza subira, lakini alijifunza, huku akitukana kimoyomoyo na midomo ikionekana. Kijiko kikawa kikubwa zaidi, na kikubwa zaidi. Ikafika siku Mjomba akaondoa kufuli kwenye kabati, akalitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

Nisingependa kusema kwamba mambo yakaishia hapo yakiwa laini. Mvuke wa rejeta ulimuunguza mama kiganjani, kidonda kikaingia vijidudu, akapata homa, na mkono ukavimba. Alikunywa dawa, akapumzika. Kidonda kilipona, uvimbe ulipungua, lakini haukuisha wote. Mjomba alikuja kumwona. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akiutazama ule mkono.

"Sema," mama alimwambia.

"Sina la kusema."

"Uso wako unasema. Kaka, nimevimba kwa sababu nimeungua, na hata ingekuwa ni vyuma, daktari hakuniahidi kinga. Alinipa ukweli, mimi nikachagua. Nimevimba, haya. Nitakwenda hivyohivyo."

Alipewa soksi ya kubana mkono usizidi kuvimba, ya rangi ya ngozi. Akairudisha, akadai nyeusi, kwa kuwa grisi haionekani. Akarudi kwa Polepole, akaanza tena na kile kijiko, na safari hii hakukitukana.

Juzi alikuja mteja mgeni, gari lake limevutwa kwa kamba, klachi imekufa. Alimwona mama akiingia uvunguni na ile soksi yake nyeusi, akamvuta Mjomba pembeni. Pembeni kwake ni mbele ya kaunta yangu.

"Mzee, huyu mama si mgonjwa? Naona mkono. Hakuna fundi mwingine?"

"Huyo ndiye fundi," Mjomba alisema.

"Naogopa asije akaumia, halafu lawama zikanirudia mimi."

"Kama unaogopa, lipeleke gari lako kwingine."

"Nitalipelekaje? Si haliendi!"

Mkono mweusi ukajitokeza uvunguni mwa gari, umeshika tochi.

"Haliendi?" mama alisema kutoka huko chini. "Basi njoo unimulikie."

Yule bwana alimtazama Mjomba, Mjomba akatazama kwingine. Akakunja suruali yake, akapiga magoti kwenye mafuta, akaipokea tochi.